Maporomoko ya Nyungwe: maji yavukayo mpaka bila kibali

GASHONGA, Rusizi – Mfanyabiashara wa Gashonga anaijua vizuri njia ya kushuka. Huteremka Bugarama akavuka kwenda Kamanyola, au huelekea Kamembe na daraja la Rusizi, hadi masoko ya Bukavu. Njia ya kupanda msitu wa Nyungwe huipita tu akiwa ndani ya basi la Kigali, mara nyingi amesinzia. Ndivyo anavyoyapita maporomoko ambayo wageni hutoka Ulaya kuja kuyatazama.

Yako upande wa Gisakura, wilaya jirani ya Nyamasheke. Kwa Kinyarwanda huitwa isumo, neno lenye mzizi mmoja na jina la mpaka wa Rusumo. Msafiri hushuka Gisakura, akalipa ada na kupewa kiongozi wa kumpeleka. Njia hupita kwanza kwenye mashamba ya chai, kisha huzama msituni. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 10. Kurudi ndiko kunakodai jasho, kwa kuwa ni mlima mtupu, ingawa mama aliyezoea vilima vya Gashonga na kikapu kichwani hatashtuka. Viatu visivyoteleza vina maana kuliko kamera, maana mvua ya Nyungwe haichagui saa. Ngurumo ya maji husikika kabla hayajaonekana, na anayesogea karibu hulowa hata jua likiwaka.

Lakini kinachomhusu zaidi mfanyabiashara ni safari ya maji yenyewe. Mgongo wa Nyungwe ndio unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile. Ya upande wa Gisakura huteremka magharibi na mwisho wake ni mto Rusizi, unaotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika. Kati ya maziwa hayo mto hushuka karibu mita 700, na nguvu hiyo ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme. Kituo cha Rusizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mashariki, mto Rukarara huanzia msitu huo huo. Maji yake hufika Akagera na kuporomoka Rusumo, penye kituo cha megawati 80 cha Rwanda, Burundi na Tanzania.

Anayehifadhi sambaza au maziwa kwenye friji anaijua hasara ya umeme kukatika nusu siku. Msitu ukikatwa, mvua husomba udongo hadi mtoni, na mitambo ya umeme hupata shida. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka Nyungwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni nzuri, ila kwa mwenye friji msitu ulikuwa na thamani tangu zamani.

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, hulipa chini ya mtalii wa ng'ambo, kwa hiyo kitambulisho cha kuvukia daraja kisisahaulike nyumbani. Ada hubadilika, ni vyema kuulizia mapema. Siku ya soko haifai. Achague siku nyingine, apande basi la kwanza la asubuhi kutoka Kamembe, na abebe chakula na maji ya kunywa, kwani njiani msituni hakuna duka.