Unasomea Fashoni? Hivi Ndivyo Utadizaini Kitambaa na Gauni Bila Kupoteza Doo

Kununua kitenge tao na kushona gauni, kila msee darasani anaweza. Lakini projekti ikitaka kitambaa chenye umechora mwenyewe, hapo ni noma. Ukikata vibaya, hakuna duka ya kukimbilia. Mita zenye ulichapisha ndizo hizo tu. Ndio maana kitambaa na gauni lazima vipangwe pamoja.

Cheki leso. Iko na pindo pande zote, mji katikati na jina upande wa chini. Mchoro wake umepangwa ukijua itafungwa aje mwilini. Wewe pia fanya hivyo:

1. Anza na gauni. Pamba nzito husimama, so inafaa sketi ya kupanuka. Hariri huanguka laini. Umbo ndilo linachagua kitambaa.

2. Shona la majaribio. Tumia amerikani, ile pamba rahisi ya mafundi. Penye imebana, rekebisha, alafu uhamishie kwa karatasi. Hizo patani zitakuonyesha unahitaji mita ngapi, na ua litaangukia wapi.

3. Fanya mchoro urudie. Chora katikati ya karatasi bila kugusa kingo. Kata vipande vinne sawa, vibadilishane nafasi ili pembe za nje zikutane katikati, bandika, kisha ujaze nafasi iliyobaki. Ukipanga nakala kando kando, hakuna mtu ataona penye moja imeishia.

4. Jaribu rangi. Ukichapa kwa skrini, kila rangi inataka skrini yake, kwa hivyo rangi mbili zitakuokolea chapaa kuliko tano. Fua kitambaa kwanza kitoe wanga na kirudi mapema. Chapa kipande kidogo, kikauke, ukipige pasi moto ili wino ushike, alafu ukifue. Rangi ikitoka hapo, shukuru ni kipande tu.

5. Pima mara mbili kabla ya makasi. Kama maua yako na shina, patani zote zielekee upande mmoja, la sivyo nusu ya gauni itakuwa kichwa chini. Hii hula kitambaa zaidi, so ongeza mita mapema. Na kama kuna duara kubwa inaangukia kifuani, sogeza patani. Watu wataona hiyo duara kabla waone kazi yako.

Ikitoka fiti, usikimbilie kupost. Dizaini mpya inaweza kusajiliwa KIPI, ile taasisi ya serikali ya haki za ubunifu wa viwandani. Ulinzi ni miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi ifike 15. Weka pia michoro yako yote ya kwanza ikiwa na tarehe. Siku utapata printi yako ikiuzwa kwa stoli ya mtu mwingine, "ni mimi nilianza" haitatosha. Utahitaji karatasi.