Ni Nani Aliyeiandika Torati?

Wanafunzi huuliza: ikiwa Musa ndiye aliyeandika vitabu vile vitano, mbona sura ya 34 ya Kumbukumbu la Torati yaeleza kufa kwake na maziko yake? Swali hili si la ukaidi, wala mwalimu asimnyamazishe mtoto. Mwanzo sura ya 36 nayo yawataja wafalme wa Edomu waliotawala kabla ya Israeli kuwa na mfalme. Aliyeandika hivyo bila shaka alizijua habari za wafalme wa Israeli.

Mwaka 1753 Jean Astruc, tabibu wa Ufaransa, aliona ya kuwa katika Mwanzo Mungu huitwa kwa majina mawili, akadhani Musa alitumia maandiko ya kale zaidi. Katika karne ya 19 Julius Wellhausen wa Ujerumani akafundisha kwamba Torati imeunganishwa kwa maandiko manne ya nyakati mbalimbali. Siku hizi wataalamu wengi hawamfuati katika yote, wala wao kwa wao hawapatani.

Ugomvi huo ulifika kwetu mapema. Mwaka 1913 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliandika waraka wa wazi akikishtaki, pamoja na mambo mengine, kitabu cha wanachuo saba wa Oxford waliotaka kuieleza imani kwa elimu ya siku hizo. Mwaka 1922 CMS, chama kilichofika Mpwapwa katika miaka ya 1870, kiligawanyika huko Uingereza kwa ajili ya mamlaka ya Biblia.

Natutazame jambo la nyumbani. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, alitoa kitabu chake cha historia ya Wagogo mwaka 1954. Je, safari za koo zilianza mwaka huo? Hasha! Zilikaa vinywani mwa wazee muda mrefu kabla ya wino. Basi mwaka wa kuandikwa si mwaka wa jambo lenyewe. Lakini tusikimbilie kusema kwamba kila neno lilihifadhiwa vile vile. Wazee wa koo mbili huweza kusimulia habari za kisima kimoja kwa namna mbili.

Mwaka 1979, katika kaburi la kale huko Yerusalemu, vilipatikana vipande viwili vya fedha nyembamba, vimekunjwa kama hirizi, vyenye maneno ya baraka ya makuhani iliyo katika Hesabu sura ya 6. Wataalamu wengi huvihesabu kuwa vya miaka 600 hivi kabla ya Kristo. Vyaonyesha kwamba baraka ile ilijulikana zamani hizo. Havionyeshi kwamba kitabu kizima kilikuwa kimekwisha kuandikwa.