Sijafa, Nina Kiu Tu

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!

Hapo zamani za kale... La, hii si ya kale. Ni ya juzi tu, hapa Riruta, kwenye ploti moja upande wa Satellite. Mama alirudi kutoka soko la Kawangware na fungu la minti. Nyingi akazitia kwenye chai. Shina moja likabaki mezani, likaanza kulegea. Mtoto akalichukua akalitupe.

"Usinitupe!" shina likalia. "Sijafa, nina kiu tu."

"Utakunywaje, na mizizi huna?" mtoto akauliza.

Ehee! Hilo ndilo swali. Mtoto anayeuliza hivyo hapitwi na kitu. Sogea hapa nikujibu, mwanangu.

Unajua siku maji ya mfereji yanapokatika? Nyumbani mko wewe, ndugu zako, na binamu waliokuja likizo. Mtungi ni mmoja. Kila mtu anachota, na kabla ya jioni mtungi umekauka. Shina lililokatwa liko vivyo hivyo. Majani yake hutoa maji hewani mchana kutwa, na lenyewe lina maji kidogo tu. Basi tupunguze nini? Wachotaji! Ng'oa majani ya chini yote. Bakiza machache ya juu kileleni.

"Halitaumia?"

"Sijafa," shina linasema, "nina kiu tu."

Sasa litazame vizuri. Pale jani lilipoota pana kifundo. Kata chini kidogo ya kifundo hicho. Kipande kiwe cha sentimita 10 hivi, tena kisiwe na maua. Kitie kwenye glasi ya maji. Kifundo kizame, majani yakae nje. Weka dirishani penye mwanga, lakini jua kali lisikipige. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, yasinuke. Baada ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe. Ni mizizi hiyo!

"Nani aliliambia shina liote mizizi?"

Aisee! Wewe unauliza kama wale wazee wenye ndevu. Mwaka 1880 Charles Darwin wa Uingereza na mwanawe Francis waliandika kwamba ncha ya mche mchanga hupeleka ujumbe sehemu za chini. Ujumbe gani? Hawakujua. Mwaka 1928 kijana wa Uholanzi, Frits Went, akaeleza jinsi alivyounasa. Ni kemikali iitwayo oksini. Hutengenezwa kileleni na kwenye majani machanga, kisha hushuka. Ikifika palipokatwa, haina pa kwenda. Hujikusanya hapo, na mizizi huanza kuota. Umeona sasa kwa nini hatukung'oa majani yote?

Mizizi ikifikia urefu wa kidole chako, hamishia mche kwenye mkebe wa udongo. Toboa mkebe chini, maji yasituame. Majirani zetu wa Kibera hupanda sukuma wiki kwenye magunia, lakini minti usiichanganye humo. Mashina yake hutambaa chini kwa chini mpaka iwe imekalia gunia zima. Ipe mkebe wake peke yake.

"Na rosmari?"

Nayo hukubali. Ila shina lake ni gumu na halina haraka. Lichomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, kisha subiri mwezi au zaidi.

"Na dhania?"

Dhania hapana. Huyo anataka mbegu.

"Kweli shina lenye majani mengi hunyauka haraka?"

Usiniamini hivi hivi! Chukua mashina mawili ya minti yanayolingana. Moja ling'oe majani ya chini, la pili liache na majani yake yote. Yaweke mezani bila maji, uyatazame kila baada ya nusu saa. Kisha uje uniambie ni lipi lililotangulia kulegea.