Deni Dogo Lisimtoe Mtoto Chuoni

Mtoto wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akipata nafasi Mbarara, iwe Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia au Bishop Stuart, sisi wa ng'ambo huchanga haraka ada ya muhula wa kwanza. Shida huja baadaye. Mkopo wa elimu ya juu wa serikali ya Uganda, uliowekwa kwa sheria ya 2014, ni wa raia. Ufadhili wa DAFI, ambao Ujerumani hutoa kupitia UNHCR tangu 1992, haumfikii kila anayeuomba. Waliobaki wanategemea shamba la wazazi na simu ya ndugu.

Shamba nalo lina kalenda yake. Mahindi na maharage ya mvua za Septemba huuzwa Desemba na Januari, wakati mitihani ya muhula mara nyingi imeshapita. Asiyemaliza ada hunyimwa kibali cha mtihani. Anapanda gari kurudi kambini, kilomita kama 60, akijiambia ataendelea mwakani. Wangapi huendelea?

Hapo mhasibu wa chuo anaweza kufanya mengi. Akae na mwanafunzi wiki ya kwanza, wapange awamu kwa kufuata mavuno na mshahara wa kaka aliye Norway, kisha watie saini. Salio likibaki, kibali cha muda kitolewe na matokeo yazuiliwe mpaka lilipwe. Chuo bado kitapata pesa yake, na mtoto hatapoteza mwaka.

Wenzetu wa Clarkston, Marekani, wanakifahamu Chuo Kikuu cha Georgia State, pale Atlanta. Kilikuwa kikiwafuta wanafunzi wengi kila muhula kwa kutolipa ada, baadhi yao wakikaribia kuhitimu. Mwaka 2011 kikaanza kuwalipia baadhi yao masalio hayo, hadi dola 2,500. Hawakungojwa waandike maombi: ofisi ilipitia hesabu, ikawatafuta yenyewe. Nadhani hilo la kuwatafuta ndilo kubwa, maana kijana mwenye deni huona haya kubisha hodi kwa mhasibu.

Nasi tuna sehemu yetu. Tumwombe mtoto karatasi ya ada na namba ya malipo, tulipe moja kwa moja chuoni. Mwezi ambao kazi imepungua, tumwambie mapema, ili aende ofisini na tarehe mpya kabla orodha ya wadaiwa haijabandikwa.