Tupa, jiliwa na alama za PCM

Kijana aliyepata daraja la kwanza katika Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM) anaweza kufika chuo kikuu akiwa hajawahi kushika tupa. Anajua kukokotoa kasi ya jiwe lililodondoshwa kutoka ghorofani. Lakini mpe kipande cha chuma, mwambie akibane kwenye jiliwa na akipige tupa mpaka kiwe bapa na pembe zake ziwe mraba, uone atakavyotoka jasho. Saa ya kwanza anasukuma kwa nguvu za mabega. Saa ya pili viganja vinaanza kutoa malengelenge. Mwishowe anaweka skwea juu ya kazi yake, anaiinua dirishani, na mwanga unapenya pande zote mbili: kingo zimeliwa, katikati pamebaki mgongo.

Nimeanzia karakanani makusudi. Wanaosimulia ugumu wa mwaka wa kwanza wa uhandisi huanzia kwenye hisabati, na hisabati ya pale kweli haina huruma. Ila hisabati kijana huyu amekuja nayo, tena ndiyo iliyomfikisha. Kinachomshitua ni kukuta kwamba fani aliyoichagua inataka mikono, na kwamba kwa upande wa mikono yeye ndiye wa mwisho darasani.

Wa kwanza mara nyingi ni yule anayekaa nyuma, aliyemzidi umri kidogo, aliyeingia kwa stashahada ya ufundi kutoka Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Wenzake humwita ekwivalenti, na wapo wanaolitamka neno hilo kwa dharau kidogo. Huenda sekondari alisoma shule ya ufundi, Ifunda au Moshi au Tanga, halafu akafanya kazi gereji au kiwandani kabla ya kurudi darasani. Mtazame anavyopiga tupa: anasukuma mbele kwa mikono miwili, anairudisha bila kukandamiza, anapima kila baada ya mapigo machache. Kwenye mchoro wa kihandisi vilevile. Mwambie achore kifaa kwa mwonekano wa mbele, wa juu na wa ubavuni, anamaliza wakati wengine bado wanageuza karatasi. Zamu yake ya kutoka jasho inakuja kwenye kipindi cha kalkulasi, mhadhiri anapopitisha mada nzima kwa dakika kumi akisema, "Hili mlishalisoma kidato cha sita." Yeye kidato cha sita hakukanyaga.

Nimewaona wanafunzi wengi wa aina hizi mbili, na nimeshawishika kwamba usalama wa mwaka wa kwanza unategemea jambo moja dogo: wawili hawa wanachukua muda gani kukaa kwenye kimbweta kimoja. Pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vimbweta ni meza na mabenchi ya saruji yaliyosambaa chini ya miti, na ukipita jioni utakuta yamejaa vichwa vilivyoinamia karatasi. Hakuna mhadhiri anayepanga nani akae wapi. Waliotoka shule moja hukaa pamoja, wa PCM na wa PCM, wa stashahada na wa stashahada. Kila kundi linabaki na upungufu wake.

Walioasisi mafunzo haya nchini walilijua tatizo la mikono. Kabla ya mwaka 1973 Mtanzania aliyetaka shahada ya uhandisi hapa Afrika Mashariki alikwenda Nairobi, kwa kuwa enzi za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki masomo yalikuwa yamegawanywa: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mwaka huo 1973 Kitivo cha Uhandisi kikaanza Mlimani kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikiwa na uhandisi wa ujenzi, wa mitambo na wa umeme. Leo ni Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia na programu zake zimeongezeka sana. Utaratibu mmoja wa tangu zamani umebaki, mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita PT: karibu miezi miwili ya kazi baada ya masomo ya mwaka, na huanza tangu mwaka wa kwanza. Mtu hawezi kufika mwaka wa nne bila kuvaa ovaroli.

Turudi darasani, kwenye somo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalomtenganisha mhandisi na mkariri: mekanika, sehemu ya vitu vilivyotulia. Swali la ngazi iliyoegemea ukuta kijana wa PCM amelikuta mara nyingi kwenye mitihani iliyopita. Analijua kwa umbo lake. Akiona ngazi tu, mkono unaandika milinganyo. Sasa chuoni haombwi jibu kwanza. Anaambiwa aitenge ngazi na kila kinachoigusa, aichore peke yake, kisha aonyeshe kwa mishale kila nguvu inayofanya kazi juu yake: uzito wake, sakafu inavyoisukuma juu, ukuta unavyoisukuma nje, msuguano unavyoizuia kuteleza. Mshale mmoja ukisahaulika, hesabu zote zinazofuata zinaweza kwenda vizuri kabisa na jibu likawa la uongo. Kalkuleta haitakwambia.

Inaonekana kazi ya kitoto, kuchora mishale. Lakini anayeukokotoa mvuto katika nyaya za Daraja la Nyerere pale Kigamboni anaanza na mchoro wa namna hiyohiyo: tenga sehemu, onyesha kinachoivuta na kinachoisukuma, hakikisha jumla ni sifuri. Nguzo, nyaya na urefu wa mita 680 wa daraja lile ni ngazi ya ukutani iliyokuzwa. Na hapa yule wa stashahada ana la kumfundisha mwenzake, maana aliyewahi kukazia nati yenye kutu anajua nguvu inaelekea wapi kabla hajaiandika.

Adui mkubwa wa zoezi hili ni madesa. Kila mwanafunzi anapokelewa na rundo la nakala zilizorithiwa kutoka kwa waliotangulia, yakiwemo majibu ya majaribio na ripoti za maabara, siku hizi zikisambazwa kwa WhatsApp. Silaumu kuyasoma. Ninachokilaumu ni ile ripoti ya maabara yenye vipimo vya mwaka juzi, iliyobadilishwa jina tu. Mwenye ripoti hiyo atapata alama. Siku akipelekwa kupima mkondo wa umeme kwenye mashine halisi, mita ikasoma kitu kisichokuwemo kwenye desa, hatakuwa na pa kushika.

Majaribio ya kwanza huja mapema kuliko watu wanavyotarajia. Mlimani C huanzia alama 40, na waliozoea A kwenye kila karatasi huiona C ya kwanza kama msiba. Wengine huficha. Anayeficha ndiye anayefika kwenye supu, yaani mtihani wa marudio, akiwa hajaomba msaada kwa mtu yeyote, na asipoangalia anadisko, anafungasha na kurudi nyumbani. Walio wepesi wa kusema "sijaelewa" mbele ya watu huokoka, hata wakiwa na alama za kawaida za kidato cha sita.

Pesa nayo ina mchango wake. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Humo humo utoke mchele, nauli ya daladala kwa anayekaa nje ya chuo, na nakala za karatasi. Bumu, yaani fedha hiyo ya mkopo, likichelewa, kimbweta kinakosa watu, kwa kuwa wengine wanahangaika kutafuta kula.

Kwa wasichana lipo la ziada. Wamekuwa wachache katika madarasa haya tangu mwanzo, na karakanani bado yupo mwenzao wa kiume atakayewapokonya msumeno kwa nia njema, "Lete nikusaidie." Msaada huo unamnyima binti somo zima. Amwachie.

Wazazi nao wamekwisha kubadilisha jina la mtoto. Wiki ya kwanza tu kwenye kundi la ukoo ameshaitwa "injinia wetu". Kisheria bado sana. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, cheo hicho anakipata aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usajili wa mhandisi mtaalamu unadai miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi baada ya shahada.

Basi neno langu ni kwa wazazi hao. Mtihani wa kidato cha sita huisha Mei, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huchukua wiki kadhaa, na chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo kijana hukaa nyumbani na simu. Mpelekeni kwa fundi wa kuchomelea Gerezani, kwa seremala Keko, au kwenye karakana ya Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) mkoani kwenu, hata kwa wiki tatu, bila malipo, abebe vyuma na ashike tupa. Atakapofika chuoni atajua wa kukaa naye kimbweta kimoja.