Kelele ya umeme: Kwa nini data hupita kwenye waya mbili zilizosokotwa

Mgodi wa Buzwagi, Kahama mkoani Shinyanga, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na kufungwa 2021. Sasa eneo hilo limetengwa kwa ajili ya viwanda. Iwe mgodini au kiwandani, penye mota kubwa mafundi hukutana na adui yuleyule asiyeonekana: kelele ya umeme.

Kelele gani hiyo?

Siyo ya kusikia kwa masikio. Chipu huongea kwa 0 na 1: volti ikiwa juu ni 1, ikishuka ni 0. Shida ni kwamba volti zenyewe ni ndogo, mara nyingi 5, 3.3 au chini ya hapo. Mota kubwa ikiwashwa jirani, waya wa data unanasa umeme wake kama antena. Penye 0 panasomeka 1.

Matokeo yake? Sensa inaripoti joto ambalo halipo na mashine inasimama bure. Au mbaya zaidi, haisimami inapotakiwa.

Waya mbili zinasaidiaje?

Tuseme waya wa kwanza una volti 3, wa pili 1. Tofauti ni 2. Kelele ikiongeza volti 4 kwenye kila waya, zinakuwa 7 na 5. Tofauti bado ni 2! Chipu inayopokea inaangalia tofauti tu, hivyo kelele inajifuta. Waya husokotwa ili zote zipate kelele sawa.

Mfumo wa RS-485, wa tangu mwaka 1983, hutumia mbinu hii viwandani hadi leo. Unafikisha data hadi mita 1,200, na tofauti ya volti 0.2 inatosha kusomeka. Hata kebo ya USB ya simu yako ina jozi kama hiyo ya kupitisha data.

Fundi afanye nini?

Mbinu hii ina mipaka, kelele ikizidi sana chipu inashindwa. Kwa hiyo:

- Usilaze kebo ya data pamoja na ya mota.
- Zikilazimika kukutana, zipishane kama msalaba.
- Kebo yenye wavu wa shaba, wavu huo uungwe kwenye ethi.

Sensa ikitoa namba za ajabu kila mota inapowashwa, usikimbilie kununua mpya. Angalia kwanza kebo imepita wapi.