Kamati ya Kushauri Ina Nguvu Gani?

Wenzetu wa vikundi huuliza: kamati isiyotoa amri ni ya nini? Tutazame San Francisco, Marekani. Kura ya mwaka 2000 ilitenga kodi, senti 2.5 kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba na ardhi, iende kwa bustani za umma. Kamati ya wananchi, wawili kutoka kila wadi, hushauri juu ya pesa hizo. Uamuzi ni wa tume ya watu 7 wanaoteuliwa na meya.

Lakini sheria inataka ajenda ya mkutano wa kawaida ibandikwe saa 72 mapema, na mwananchi yeyote aruhusiwe kusema kabla ya uamuzi. Nguvu iko hapo! Wanachama wanaoitwa mkutanoni asubuhi ile ile wanatuelewa.